Ushungi wa Mama

Mlango ulipofunguliwa, ushungi wa mama ulikuwa umeteleza mabegani, na mkono wake wa kulia, ule uliopooza, ukaruka ukaurudisha kichwani.

Nasma aliuona. Miezi saba sasa alikuwa akiuosha mkono ule, akiupaka mafuta ya nazi, akiukunja na kuukunjua kila asubuhi kama walivyofundishwa humu humu hospitalini. Miezi saba mumewe yuko peke yake Horohoro, akipiga simu kuuliza, "Unarudi lini?" Wiki hii hakupiga.

Daktari wa mazoezi, mwanamume mgeni badala ya yule dada waliyemzoea, hakuona kitu. "Shikamoo, mama," aliamkia, kisha akawapa mgongo kutafuta faili kabatini. "Mkono vipi, haujaanza kunyanyuka?"

"Marahaba. Bado, baba."

Mkono ulikuwa umesharudi mapajani, vidole vimejikunja kama pweza aliyeanikwa juani.

"Basi tutaendelea miezi sita mingine. Dada, utaweza kumleta?"

Nasma alimgeukia mama yake. Chumba kilinuka dawa ya kuchua, na dirisha lake lilikuwa na nondo.

"Ukienda nitabaki na nani?" mama alinong'ona.

Nasma aliinama, akaushika ushungi kwa vidole viwili, akauteremsha taratibu mpaka mabegani, mvi zote zikabaki wazi.

"Daktari," alisema, "hebu geuka."