Hodi ya Chumba Kitupu

Madalali wa mji ule wa ugenini walimzungusha Mwanaidi hadi soli zikamwishia, na kila nyumba ilimshinda kwa bei. Kwa hiyo mwenye nyumba huyu wa mwisho alipotaja kodi ya chee, Mwanaidi aliingiwa na hofu badala ya kufurahi.

"Mbona rahisi hivyo?" aliuliza kwa lugha ya pale, aliyoijua kwa kuungaunga.

"Aliyepanga amehama. Chumba kitupu hiki, mama. Ingia uone."

Mwenye nyumba akausukuma mlango. Ndani giza totoro. Mwanaidi alijikaza, akainua mguu, na mdomo wake ukatamka kwa mazoea ya kwao:

"Hodi!"

"Karibu," sauti ya mwanamke ikaitika kutoka gizani, kwa Kiswahili. Kisha ikababaika: "La, dada! Usiingie!"

Tangu Mwanaidi afike nchi ile hakuwahi kuisikia lugha yake kinywani mwa mtu.

"Nani yumo humo?" alimuuliza mwenye nyumba kwa lugha ya pale.

"Hamna mtu," alisema bwana yule kwa upole, akisogea nyuma yake.

Mguu mmoja wa Mwanaidi ulikwishavuka kizingiti.