Bunduki ya Zamda

Asubuhi ya mashindano ya kulenga shabaha, Zamda aliifuta bunduki yake kwa kitambaa chenye mafuta. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuunda bunduki za aina ile tangu zamani, na wiki hiyo springi yake ya kupakia risasi ilikatika. Vipuri havikupatikana popote, ikabidi Zamda ajitengenezee springi nyingine kwa mkono.

"Dada, chukua hii mpya ya klabu," alisihi Ngwali, nahodha wa timu. "Hiyo yako ikikwama, tumeshindwa sote."

"Haikwami, kaka. Naijua mimi."

Alilala kifudifudi, akatuliza pumzi, akafyatua. Bunduki ikajipakia risasi nyingine yenyewe, laini kabisa. Akafyatua tena na tena, mpaka ganda la risasi ya mwisho likaanguka nyasini. Shabaha ilipoletwa, matundu yote yalikuwa yamesongamana katikati. Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo, na Zamda akainuka kifua mbele.

Alihakikisha bunduki haina risasi, kisha akampa nahodha. "Haya, ishike nawe."

Ngwali aliipokea kwa mikono miwili, akaiegemeza begani, akafumba jicho moja. Zamda alinyoosha mkono arudishiwe, lakini Ngwali alikuwa bado ameing'ang'ania, akilenga mbali huku akitabasamu.