Sikio la Kushoto

Kwa miaka ishirini fundi Mzamilu alipachika penseli sikio la kulia na sigara la kushoto, na mkono wake haukuwahi kukosea, hata akiwa na usingizi. Sasa alikuwa katika wiki ya tatu ya kumeza vidonge vya zahanati vya kuacha sigara, lakini ile moja ilibaki palepale sikioni.

"Siku ikinishinda, nisihangaike kutafuta," alisema.

Saa nne Kisaka, mpiga msasa wake, aliwasha ya kwake na kumpulizia moshi makusudi. "Vipi, kichwa hakijaanza kelele?"

Mzamilu alijisikiliza. "Ajabu," alisema. "Leo hakuna anayebisha hodi."

Akarudi kwenye ubao wa mninga, akapima, akapeleka mkono sikioni na kuvuta mstari. Mstari haukutoka. Akakandamiza zaidi, karatasi ikapasuka, tumbaku ikamwagika juu ya ubao.

"Fundi! Kitanda cha watu unakichora kwa sigara?" Kisaka alicheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Mzamilu aliitazama ile tumbaku, akingoja roho imuume. Haikumuuma. Akaipuliza pamoja na vumbi la mbao, naye akaangua kicheko.

Kisha akaivunja penseli yake katikati, akachonga vipande vyote viwili. Kimoja akakipachika sikio la kulia. Cha pili akamnyooshea Kisaka, ambaye alikitazama tu, bado akikohoa, huku moto wa sigara ukimkaribia vidole.