Saa Yenye Haraka

Tik-tak-tik-tak-tik-tak. Alfajiri ilikuwa haijaingia. Bibi aliketi kitandani, akatega sikio upande wa sebuleni. Saa ya ukutani ya marehemu mumewe ilikuwa inakimbia kama imefukuzwa na mbwa.

"Mwanangu!" aliita. "Yule mtu wako wa taa ameshaiua saa!"

Binti, aliyekuwa akilala kwa mama yake tangu msiba wa baba, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliposikia mwendo ule, aliikimbilia simu. Macho ya mama yake yalishazimika zamani, na katika nyumba nzima sauti aliyoishikilia ilikuwa hiyo moja. Wiki ya msiba saa ilinyamaza, naye akagoma kula. "Maadamu hiyo imesimama, msinisumbue na uji," alisema, akageukia ukuta. Binti alijiona anazika wawili. Ndipo mume wa binti alipopanda kiti, akaifungua saa, akahangaika nayo mchana kutwa mpaka ikaanza kugonga tena. Jioni hiyo bibi alikubali vijiko vichache.

Asante hakutoa. "Ameipaka grisi ya magari," aliwaambia majirani. "Tangu aiguse, kengele haijalia hata mara moja."

Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya kwenda karakana, mkwe alipitia kuitia saa ufunguo. Aliingia na mfuko mzito, akatoka na mfuko mzito. "Sijui hubeba nini," bibi alisema. "Pengine mchele wangu."

Leo alifika akihema, maana mkewe alikuwa amempigia simu, akamkuta bibi ameshaketi mezani sebuleni, mbele ya bakuli la uji na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Harufu ya asidi ya betri imeshaingia," bibi aliuambia ukuta. "Bado mwenyewe."

"Naona saa ina haraka, mama. Ngoja niitazame."

"Itazame, si wewe uliyeitia ugonjwa? Binti yangu aliponiambia anaolewa na fundi, nikafurahi, nikajua wa kujenga nyumba. Kumbe wa indiketa! Ndevu zote hizo, kazi yake taa za kukonyezakonyeza!"

"Mama, jamani," binti alisema.

"Kwani nimemtukana? Nauliza nielimike. Hebu tueleze, fundi. Hiyo indiketa ina nini cha kumtoa mtu kwao asubuhi?"

Mkwe alikuwa tayari juu ya kiti. Binti aliondoa kitambaa cheusi ambacho mumewe aliifunikia saa, eti kuzuia vumbi, akamshikia mumewe kiti kwa mikono miwili.

"Dereva akisukuma kile kijiti cha kwenye usukani," mkwe alijibu taratibu, kama alivyomjibu siku zote, "umeme unapita kwenye kidude kidogo. Kazi yake ni kuukata na kuurudisha. Ukikatwa, taa zinazima. Ukirudi, zinawaka. Na kila mara kichuma cha ndani kinagonga. Ndiyo ile sauti unayoisikia ukipanda gari."

"Na taa ikifa, huyo dereva anajuaje? Anashuka kila kona akachungulie nyuma?"

"Hashuki, mama. Balbu moja ikiungua, kidude kinaanza kwenda mbio. Anajua kwa kusikia tu."

"Basi kina akili kukuzidi."

Mkwe alicheka kidogo, bisibisi ikiwa mdomoni. Kisha saa ikanyamaza.

Kijiko cha bibi kilisimama njiani. Binti alimtazama mama yake, akamtazama mumewe, aliyezamisha vidole ndani ya kisanduku cha saa. Bibi aliweka kijiko mezani. Akalisukuma bakuli mbali.

Tik.

Tak.

Tik. Polepole, kama zamani.

Bibi alilipapasa bakuli, akalivuta karibu. "Angalau leo hujavunja kioo," alisema.

Mkwe alishuka, akachukua mfuko wake. Kabla ya kuondoka alifanya jambo alilolifanya kila alfajiri bila kuambiwa: alikigeuza kikombe cha chai, kishikio kikaelekea mkono wa bibi.

"Hata kikombe changu lazima akishike," bibi alilalamika.

"Nakwenda kazini, mama."

Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mkwe."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Mkwe aligeuka. "Naam, mama?"

"Saa ya mume wangu ilikufa wiki ile ile ya msiba," bibi alisema, vidole vyake vikikipata kishikio. "Na hiyo balbu ya pili ya kidude chako kinachogonga humo uliitia siku moja na hii iliyoungua. Kesho uje na mpya. Utakuja?"