Watu Watatu na Tela

Sekela aliyajua masharti ya leseni yake ya kuvuta tela kama anavyoijua sala ya chakula: gari, tela na mzigo visizidi tani tatu, na watu wasizidi watatu. Ndiyo maana walipohama Tukuyu aliliacha hata kabati la marehemu mama yake. Basi mizani ya barabarani ilipomwashia taa nyekundu, hasira zilimpanda.

"Uzito ni sawa," ilisema mashine ya mizani. "Lakini mko wanne."

"Wanne wa wapi? Ni mimi, mume wangu na binti yetu!"

"Mioyo inayodunda humo ni minne, mama."

Ambakisye, mumewe, aliangua kicheko. "Limeharibika hili dude. Mke wangu, wewe si ulishatolewa kizazi?"

Kicheko kikakatika ghafla. Wote wawili wakainua macho kwenye kioo. Kwenye kiti cha nyuma, binti yao Atupele, bado na sweta lake la shule, alikuwa amejikunyata akikumbatia mto tumboni.

"Baba..." alisema, asimalize.

"Mteremsheni mmoja, kisha endeleeni na safari," mashine ilisema kwa upole, na mlango wa upande wa Atupele ukafunguka wenyewe.