Mafuta Yaliyokataa Kuchacha

Thục alinusa kichupa mara ya pili, kisha ya tatu, moyo ukamshuka. Mafuta yalikuwa hayajachacha.

Vichupa vingine vilivyokaa pamoja nacho kwenye joto vilikuwa vimeanza kunuka kidogo. Hiki kilikuwa kama kimekamuliwa leo. Na molekuli iliyoyalinda mafuta yake ilibuniwa na Lãm.

Siku hizi kila kitu pale maabara, mjini Huế, kilikuwa cha Lãm. Alikuwa mdogo kwa Thục kwa miaka mingi, na hakuwahi kuungua hata kidole. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta na kahawa yake ya maziwa, akikokotoa ni molekuli ipi itaachia hidrojeni upesi na kuyakinga mafuta yasiharibiwe na oksijeni. Akiipata, humpelekea Thục mchoro. Thục ndiye wa kuipika, kuvuta mivuke yake na kuchubuka mikono. Halafu mwandishi wa gazeti akaja, akampiga picha Lãm. Kwenye picha hiyo Thục alitokea kiwiko tu.

Profesa Quýnh, mkuu wa maabara, hakuchoka kumsifu kijana huyo kila walipokaa kula tambi za mchana. Thục alikuwa akizidisha pilipili kwenye bakuli lake, ili machozi yapate cha kusingizia.

Safari hii Lãm alikuwa ameleta michoro mitano. Alipofika kwenye wa mwisho, sauti ilimpungua.

"Hii mingine wala sina wasiwasi nayo, dada. Huu ndio unaoninyima usingizi. Nakuomba, uupike kwa mkono wako mwenyewe."

Thục alimjibu kwamba asijali. Moyoni alisema: bwana mdogo keshaota taji jingine, na mimi ndiye wa kumvisha.

Sasa taji lenyewe alikuwa amelishika. Alipima kwa mashine, nayo ikakubaliana na pua yake: mchoro wa tano ulikuwa umeishinda mingine yote, tena kwa mbali.

Wivu ni kidonda, na cha Thục kilikuwa kimetunga usaha. Aliyamwaga mafuta, akakiosha kichupa, akaandika kwamba minne ya kwanza imefaa na wa tano haukufaa kitu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kudanganya hata tarakimu moja. Kwa sababu hiyohiyo alijua hakuna atakayerudia kipimo chake.

Kikao kilifanyika mbele ya wageni kutoka Hanoi, wale wanaoulipia utafiti. Profesa alisoma majibu kwa sauti. Alipofika kwenye mchoro wa tano, Lãm alijifunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika.

Thục alitazama chini. Alisikia utamu, kisha, bila kutaka, akamwonea huruma kidogo.

Alipoinua macho, wageni walikuwa wamesimama, wanampa Lãm mkono mmoja baada ya mwingine. Kijana alikuwa analia na kucheka. Aliwapita wote, akaja hadi mbele ya Thục, akainama.

"Asante, dada. Hawa waliniambia kutaja kitakachofaa ni bahati tu, wakanitaka nitaje na kitakachoshindwa, na wakaniapisha nisikwambie. Niliwatajia huo wa tano. Kama mchoro huo ungeyalinda mafuta hata kidogo, leo mradi wangu ungefungwa."