Sadaka ya Ndengu

Wambeti alizika bunduki katikati ya gunia, akamimina ndengu juu yake, kisha akalitikisa. Halikutoa sauti ya chuma. Akalifunga kwa kamba ya katani, akarudia fundo mara mbili.

Aliogopa, na alikuwa na sababu. Jana mbuzi wa jirani yao Mbaka walivuka mpaka tena wakala ndengu shambani. Na mumewe, Njiru, alikuwa ameapa mbele ya watu sokoni Ishiara: "Hao mbuzi wakivuka tena, Mbaka nitampiga risasi!" Wambeti alitarajia matusi na kelele. Lakini Njiru alikaa kimya jioni nzima, akasema tu, "Kesho baada ya misa, mimi na Mbaka tutamaliza haya mambo."

Aka! Bora angefoka.

Bunduki yenyewe ilikuwa fupi, mtutu umekatwa kwa msumeno. Njiru aliinunua ng'ambo ya mto Tana mwaka ule wezi wa ng'ombe walipowasumbua, akaificha darini ndani ya mzinga mkuukuu wa nyuki. Chifu alipotangaza kwamba silaha zote zirudishwe, Njiru alicheka. "Chifu analala na askari mlangoni. Mimi nilale na nini?" Hata binti yao Alice, aliyeolewa Amerika, alipopiga simu akaeleza kwamba huko kila jirani ana bunduki na bado watu wanaogopana, mzee alisikia nusu tu. "Unaona, Mama Alice? Amerika kila mtu anayo!"

Padri naye alikuwa amesema kwamba anayemwogopa chifu amletee yeye silaha hiyo, hatauliza jina. Basi Wambeti akapanga lake. Jumapili hii ilikuwa ya mavuno. Kila mwaka kuku, miwa na ndizi za sadaka hupigwa mnada nje ya kanisa, lakini nafaka huenda moja kwa moja stoo ya padri. Misa ikiisha angemnong'oneza padri sikioni, na Njiru akirudi nyumbani angeukuta mzinga mtupu. Kama atampiga mkewe, basi ampige. Kipigo hupona, risasi haiponi.

Alilibeba gunia mgongoni mwenyewe, ukanda umemkaa kwenye paji la uso, akakataa kusaidiwa. Kanisani hakusikia mahubiri. Alimtazama Njiru, aliyekaa mbele na hakumwondolea Mbaka macho. Mbaka alikuwa amejifunga koti kubwa la mvua hadi shingoni, mkono wa kulia ameubana ubavuni, na joto lile la Ishiara linakaanga watu. Maskini, malaria, Wambeti akawaza. Tangu siku ya kile kiapo, Mbaka alikuwa amekonda na hakusimama na mtu njiani.

Misa ikaisha. Kabla Wambeti hajainuka, padri alikuwa ameshapanda pikipiki kuwahi kigango kingine. Na katekista Ndambiri, mtu wa mizaha, akasimama nje juu ya kiti.

"Waumini, stoo inavuja! Leo hata nafaka tunapiga mnada. Tuanze na hili gunia la Mama Alice!"

Wambeti alikimbilia nje. Askari wa chifu walikuwa pale pale, wakila miwa. Akipiga kelele, Njiru analala jela.

"Nanunua mimi!" akasema kwa sauti nyembamba.

"Mama Alice, sadaka yako mwenyewe? Umeanza kumnyima Mungu?" Watu wakacheka. Mwingine akataja bei, mwingine akapandisha. Wambeti alikuwa na sarafu za sadaka tu, zimelowa jasho kiganjani.

"Mimi naongeza," ikasikika sauti ya Njiru.

Akaongeza tena, na tena, hadi wote wakanyamaza. Wambeti akashusha pumzi. Afadhali! Gunia linarudi nyumbani. Atalificha kesho, atalitupa mtoni, lolote lile, mradi litoke hapa.

"Baba Alice, utalila mwenyewe au kuna wa kupewa?" Ndambiri akauliza, maana kwenye mnada wa kanisa mnunuzi humzawadia amtakaye.

Njiru alivua kofia. "Hii nampatia jirani yangu Mbaka."

Watu wakatazamana. Halafu vigelegele vikapasuka kila upande.

"Mbaka, jana usiku nimewaza sana," Njiru akaendelea. "Nimekutisha bure kwa ajili ya mbuzi. Nimechoka. Ile kitu nilikutishia nayo, mimi na wewe hatutaiona tena. Njoo, ndugu yangu. Shika hizi ndengu uone vile ni safi."

  Wambeti alijaribu kupenya katikati ya kina mama waliokuwa wakiimba, nao wakamkumbatia wakidhani analia kwa furaha.

Mbaka alipiga magoti kando ya gunia, machozi yakimlenga. Akafungua kamba. Akazamisha mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko, kama afanyavyo kila mtu anayepima nafaka, akitabasamu.

Tabasamu likaganda.

Akainua macho kumtazama Njiru, aliyekuwa amesimama mbele yake na mikono wazi, akingoja kukumbatiwa.

"Kumbe ndiyo amani yako hii," Mbaka akasema polepole.

Na kwa mkono wa kulia akaanza kufungua vifungo vya koti.